Haragwe Ndani ya Keki ya Wafalme: Epifania Haikuzaliwa Saturnalia

Januari inapoanza, katika maduka ya mikate ya Ufaransa na Ubelgiji keki moja huzifunika nyingine zote. Ni galette des rois, keki ya wafalme: duara bapa la unga wa tabaka lililojazwa krimu ya lozi, na ndani yake kimefichwa kitu kidogo kigumu. Atakayekikuta katika kipande chake huvishwa taji la karatasi na kuwa mfalme wa meza hiyo. Ukiuliza asili yake, utapewa jibu linalorudiwa kila mwaka, magazetini na hata mimbarini. Utaambiwa kwamba Warumi walikuwa na sikukuu ya Saturnalia, kwamba mabwana na watumwa walibadilishana nafasi, kwamba mfalme wa mchezo alipatikana kwa haragwe lililofichwa ndani ya keki, na kwamba Kanisa liliichukua sherehe hiyo nzima na kuipa jina la Epifania, sikukuu ya Kikristo ya 6 Januari.

Jibu hilo ni jepesi kukumbuka, lakini linafunga pamoja historia mbili zisizo za ukoo mmoja. Sikukuu ina asili yake na keki ina asili yake. Zilikutana Ulaya Magharibi katika Zama za Kati, na kilichozikutanisha ni cheo ambacho Injili haikuwapa mamajusi: ufalme.

Tuanze na sikukuu, kwa kuwa ndiyo yenye umri mkubwa zaidi. Klementi wa Aleksandria, aliyeandika karibu na mwaka 200, anaeleza kwamba wafuasi wa Basilide, kundi la Kignostiki la Misri, waliadhimisha siku ya ubatizo wa Yesu na kukesha usiku wake wakisoma. Anataja tarehe 15 ya mwezi Tybi wa kalenda ya Kimisri, kisha anasema wengine waliishika tarehe 11. Tarehe 11 Tybi ndiyo 6 Januari. Huo ndio ushahidi wa mwanzo tulio nao wa sikukuu ya Kikristo siku hizo, na ndani yake hamna mamajusi, dhahabu wala uvumba. Kuna maji na mkesha.

Mwaka 361 tunaikuta sikukuu hiyo imeshafika Galia, Ufaransa ya kale. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus, ambaye hakuwa Mkristo, anasimulia kwamba Juliano, mtawala wa Kirumi, akiwa bado anaficha kwamba ameuacha Ukristo, aliingia kanisani mjini Vienne katika siku ya Januari ambayo Wakristo huiita Epifania. Roma nayo ilikuwa na 25 Desemba: orodha iliyokusanywa mwaka 354 inaitaja kuwa siku ya kuzaliwa Kristo, na sehemu yake hiyo huhesabiwa kuwa ya mwaka 336. Mashariki kwa sehemu kubwa waliadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwa pamoja tarehe 6 Januari. Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu miaka ya 380, alikuta Epifania ikisherehekewa kwa siku nane, watu wakirudi usiku kutoka Bethlehemu. Mwaka 386 Yohane Krisostomo aliwaambia waumini wa Antiokia kwamba Krismasi ya 25 Desemba ilikuwa haijatimiza miaka kumi tangu ijulikane kwao.

Pande hizo mbili zikapeana tarehe. Mashariki walipoipokea 25 Desemba, 6 Januari ikabaki ya ubatizo, na ndiyo maana Timkat ya Waethiopia, inayoangukia 19 Januari kwa kalenda ya sasa, ni sikukuu ya maandamano ya kwenda majini. Magharibi walipoipokea 6 Januari, ubatizo ulisogea pembeni, mamajusi wakakaa katikati. Waarmenia hawakupeana chochote na mtu. Hadi leo wanaadhimisha yote mawili siku moja, 6 Januari.

Kwa nini tarehe hiyo hasa? Wanaotetea asili ya kipagani wana hoja moja nzito, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Askofu Epifani wa Salamis, akiandika miaka ya 370, anasimulia kwamba Aleksandria, usiku wa kuamkia 6 Januari, watu walikesha katika hekalu la mungu wa kike Kore, wakapandisha sanamu kutoka chumba cha chini ya ardhi na kutangaza kwamba Kore amemzaa mungu Aion. Inafanana mno na Krismasi, bila shaka. Lakini tazama mpangilio wa ushahidi: Klementi alitangulia zaidi ya miaka 150. Maandishi ya baadaye hayawezi kutumika peke yake kuthibitisha kwamba sherehe iliyotajwa mapema iliigwa.

Maelezo ya pili yalipendekezwa na mwanahistoria Louis Duchesne mwaka 1889. Wakristo wa kale walipenda kuamini kwamba Yesu alitungwa mimba siku ile ile ya mwaka aliyokufa. Magharibi walikiweka kifo chake 25 Machi. Ongeza miezi tisa, unapata 25 Desemba. Mashariki kuna waliokiweka 6 Aprili. Ongeza miezi tisa, unapata 6 Januari. Sisi tunaipa hesabu hii uzito mkubwa zaidi kwa sababu inafungua makufuli mawili kwa ufunguo mmoja. Saturnalia haifungui hata moja: ilianza 17 Desemba, na hata iliporefushwa ilikwisha 23 Desemba. Kutoka hapo hadi Epifania ni majuma mawili.

Sasa mamajusi. Soma Mathayo sura ya 2 polepole. Hasemi walikuwa watatu, hawataji majina, wala hawaiti wafalme; zilizo tatu ni zawadi. Mwanzoni mwa karne ya 3 Tertuliano alishaandika kwamba Mashariki iliwahesabu mamajusi karibu kama wafalme, na Zaburi ya 72 pamoja na Isaya 60, zenye wafalme wanaoleta zawadi, zikaisukuma fikra hiyo. Hata hivyo, katika mozaiki ya karne ya 6 kwenye kanisa la Sant'Apollinare Nuovo mjini Ravenna, wale watatu wamevaa kofia za Kiajemi, siyo mataji. Mataji yalikuja baadaye. Mwaka 1164 Rainald wa Dassel, askofu mkuu wa Cologne, aliyachukua kutoka Milano masalia yaliyoaminika kuwa ya mamajusi na kuyapeleka mjini kwake. Cologne ikawa mji wa mahujaji, na wafalme wa Ujerumani waliovikwa taji Aachen wakawa wanakwenda kusujudu mbele ya sanduku la Wafalme Watatu. Tangu hapo, kwa mtu wa kawaida wa Ulaya Magharibi, 6 Januari ilikuwa Siku ya Wafalme.

Ongeza jambo moja la kalenda. Mtaguso wa Tours wa mwaka 567 ulishahesabu siku zote kati ya Krismasi na Epifania kuwa za sikukuu. Ni siku kumi na mbili katikati ya kipupwe, kazi za shamba zimesimama, ghala zina chakula, na mwisho wake ni siku ya wafalme. Jamii yenye siku kama hiyo na mkate mezani haihitaji Mrumi wa kuifundisha kumchagua mfalme wa mezani.

Na hapo ndipo haragwe linapojitokeza kwenye kumbukumbu. Hesabu za nyumba ya kifalme ya Uingereza, enzi za Edward II na Edward III katika karne ya 14, zinamtaja mfalme wa haragwe na zawadi alizopewa. Nchini Ufaransa, maisha ya mtawala Louis II wa Bourbon, yaliyoandikwa mwaka 1429, yanasimulia jinsi Siku ya Wafalme alivyomfanya mtoto maskini wa miaka minane kuwa mfalme, akamvika mavazi ya kifalme, na wakuu wa nyumba yake wakachanga fedha za kumsomesha. Karne ya 16 Étienne Pasquier alieleza utaratibu ambao Mfaransa wa leo angeutambua mara moja: keki imekatwa, mtoto amekaa chini ya meza, naye ndiye anayesema kipande kipi ni cha nani. Katika karne ya 17 Jacob Jordaens wa Antwerp aliichora karamu hiyo zaidi ya mara moja, mzee mwenye taji akiinua bilauri na wote wakipaza sauti, "Mfalme anakunywa!"

Kelele hizo ndizo zilizomkera Jean Deslyons, kasisi wa kanisa kuu la Senlis. Mwaka 1664 alichapisha hotuba kali akiushutumu ufalme wa haragwe kuwa upagani mtupu, masalia ya Saturnalia. Mwanasheria wa mji huo huo, Nicolas Barthélemy, akajibu mwaka huo huo akiitetea karamu. Mvutano huo unaeleza mengi. Fikra ya kuunganisha haragwe na Warumi ilikuzwa na watu waliosoma Kilatini na kuzipenda fasihi za kale, kisha ikageuzwa silaha na kasisi aliyetaka watu wafunge na kusali usiku wa kuamkia Epifania badala ya kulewa. Leo wasioamini huirudia ili kuonyesha kwamba Ukristo umeazima kila kitu. Wanatumia, bila kujua, hoja ya kasisi mkali wa karne ya 17.

Je, Warumi wenyewe wanasema nini? Mwanahistoria wao Tacitus anasimulia kwamba katika Saturnalia, mwanzoni mwa utawala wa Nero, vijana walipiga kura ya kupata mfalme wa mchezo, kura ikamwangukia Nero, naye akamwamuru Britannicus, ndugu yake wa kambo, asimame kuimba. Mwandishi Lukiano wa karne ya 2 naye anamjua mfalme wa karamu. Mfalme yupo, kura ipo. Keki yenye haragwe haipo. Ni kweli pia kwamba Waathene walitumia maharagwe kupiga kura ya kuwapata maofisa wa mji, lakini hilo linathibitisha tu kwamba haragwe ni kifaa kizuri cha kura. Kati ya Lukiano na mfalme wa haragwe wa Edward II kuna zaidi ya miaka elfu moja, na huwezi kujenga daraja la urefu huo kwa nguzo ya kufanana.

Isitoshe, desturi yenyewe huhama tarehe kirahisi, jambo linaloonyesha kwamba haikufungwa na siku moja takatifu, ya kipagani wala ya Kikristo. Wagiriki huficha sarafu ndani ya keki yao, vasilopita, na huikata 1 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Basili. Wameksiko hukata rosca, keki yao ya wafalme, 6 Januari, na aliyekuta kisanamu cha kitoto ndani yake huwaandalia wenzake tamale, chakula cha unga wa mahindi, 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. New Orleans huianza keki yao ya hamira 6 Januari na kuendelea nayo hadi Jumanne ya kabla ya Majivu, kila anayepata kitoto cha plastiki akidaiwa keki inayofuata. Uingereza walikuwa na haragwe kwa mfalme na punje ya njegere kwa malkia. Mwigizaji Robert Baddeley, aliyefariki mwaka 1794, aliacha pauni 100 ili ukumbi wa Drury Lane mjini London ukate keki ya 6 Januari kila mwaka, na wosia wake bado unatekelezwa. Ila katika karne ya 19 Waingereza waliiachia karamu hiyo ya 6 Januari ife, na keki yao nzito ya matunda makavu ikahamia Krismasi. Ndiyo hiyo keki nyeusi ya zabibu kavu inayouzwa Nairobi na Dar es Salaam mwezi Desemba. Kwa hiyo Afrika Mashariki ilishaipokea keki ya Epifania zamani, imekosa haragwe lake tu.

Keki yenyewe ya Paris nayo haina Urumi ndani yake. Unga wa tabaka uliokunjwa na siagi ni ufundi uliokomaa Ufaransa karne ya 17. Kusini mwa Ufaransa bado wanakula pete ya mkate laini wa hamira na mayai, yenye maji ya maua ya mchungwa na matunda yaliyolowekwa katika sukari, ndugu wa karibu wa roscón ya Hispania. Anayetaka keki iliyo karibu na ile ya kale achague hiyo. Anayetaka ile ya Paris ajiandae kwa kazi ya siku mbili.

Donge la keki mbili za sentimita 26: unga wa ngano gramu 500, chumvi gramu 10, siagi iliyoyeyushwa gramu 75 na maji baridi mililita 240. Changanya mpaka vishikane tu, usikande sana, kwa sababu donge lililokandwa hukaza na baadaye litavutika kurudi nyuma. Lipumzishe kwenye friji saa moja. Siagi ya kukunjia ni gramu 375, ipondwe iwe mraba wa unene wa sentimita moja. Ifunge ndani ya donge, sukuma liwe refu mara tatu ya upana wake, kisha kunja theluthi moja juu ya nyingine. Geuza robo ya duara, sukuma tena, kunja tena. Baada ya mikunjo miwili rudisha kwenye friji. Jumla ni mikunjo sita, na hesabu yake ni 3 × 3 × 3 × 3 × 3 × 3, yaani tabaka 729 za siagi.

Kinachoharibu wengi ni joto. Siagi inatakiwa iwe baina ya nyuzi 12 na 15: ikiwa baridi kuliko hapo hupasuka vipande na kutoboa unga, ikiwa na joto zaidi hunywewa na unga, na utatoa ovenini mkate mnene wenye mafuta badala ya tabaka. Mombasa au Dar es Salaam mwezi Januari, anza kazi alfajiri, weka trei ya barafu juu ya meza kwa dakika kumi kabla ya kusukuma, na pumzisha donge saa nzima kati ya mikunjo badala ya nusu saa. Majarini ngumu huvumilia joto, hilo ni kweli, lakini huacha utando wa nta kaakaani, na katika keki ambayo ladha yake yote ni siagi na lozi, hasara hiyo haina fidia.

Mjazo wa keki moja ni siagi laini gramu 75, sukari gramu 75, lozi za kusaga gramu 75 na yai moja kubwa na nusu, pamoja na konflawa kijiko kimoja cha chai. Koroga kwa mwiko, usipige kwa mashine. Hewa ukiiingiza hapa itafura ovenini na kuupasua mshono. Kisha changanya na gramu 150 za krimu nzito ya maziwa, viini vya mayai na sukari, iliyopikwa na kupoa kabisa; ikiwa na uvuguvugu itayeyusha siagi na mjazo utakimbia. Krimu hiyo ndiyo inayofanya mjazo uitwe frangipane. Bila hiyo ni krimu ya lozi tu, nayo huuzwa sana chini ya jina hilo hilo. Anayetumia korosho badala ya lozi azisage pamoja na sukari, kwa kuwasha na kuzima mashine, kwa kuwa zina mafuta mepesi kutoka na hugeuka uji haraka.

Sukuma unga hadi milimita 3 na ukate duara mbili. Tandaza mjazo kwenye moja, ukiacha ukingo mtupu wa sentimita 3. Ukingo ukiwa mwembamba, mjazo utavuja, na hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Lowesha ukingo kwa maji. Weka kitu cha kuficha karibu na ukingo, kamwe usiweke katikati, ambako kila kisu hupita. Funika kwa duara la pili huku ukiligeuza robo, ili unga wa juu na wa chini usivutike upande mmoja na keki ikatoka yai badala ya duara. Bonyeza kuanzia katikati kwenda nje ukitoa hewa, kisha acha kwenye friji usiku kucha.

Asubuhi pindua keki chini juu, upande bapa uwe juu, na upake kiini cha yai mara mbili kwa kupishana nusu saa. Kiini kisichuruzike pembeni, maana kitagandisha tabaka na upande huo hautapanda. Chora mistari kwa ncha ya kisu bila kutoboa, kisha toboa tundu moja katikati na manne kuzunguka ili mvuke utoke. Oka kwa nyuzi 200 dakika 15, halafu 180 kwa dakika 30 hadi 35, kwenye ngazi ya chini ya oveni. Juu itawahi kuwa ya dhahabu; usidanganyike. Inua ukingo kwa kisu kipana utazame chini, na kama bado kweupe, endelea. Ikitoka, paka shira ya sukari gramu 50 na maji gramu 50 ingali moto.

Kuhusu hicho cha kuficha: haragwe kavu lilitosha kwa karne nyingi, na tangu miaka ya 1870 vikaja vijitu vya kauri kutoka Ujerumani, ambavyo leo vina wakusanyaji wake. Kauri huvunja meno, na plastiki ndani ya oveni huyeyuka; New Orleans kitoto huingizwa keki ikishaokwa, au huwekwa nje ya keki kabisa mnunuzi akakichomeka mwenyewe. Ukitaka kuepuka hayo yote weka lozi nzima iliyomenywa, na utangaze kabla hakuna aliyetia kipande mdomoni.

Idadi ya vipande ni ya walaji na kimoja zaidi. Kile cha ziada huitwa fungu la maskini, na desturi ni kumpa wa kwanza atakayebisha hodi. Tunasikitika kwamba siku hizi fungu hilo hubaki jina tu, huku taji la karatasi likitolewa bure na kila duka. Parokia ya kwetu inayotaka kuiongeza keki hii kwenye Epifania yake haina la kuogopa kuhusu Saturnalia; ikiwa italiacha fungu hilo, hapo ndipo itakapokuwa imepungukiwa. Mdogo kuliko wote aingie chini ya meza, mkubwa aweke kisu juu ya kipande na kuuliza, "Hiki cha nani?", na fungu la maskini litajwe kwanza, kabla ya la baba wa nyumba.